Nilivyoacha kukosa kikao cha Chicago

Nafanya tafsiri nikiwa chumbani kwangu Kirumba, Mwanza, na mteja wangu yuko Chicago. Kikao ni kila Jumatatu saa 3 asubuhi ya kwao. Wako nyuma yetu kwa saa 9, kwa hiyo kwangu ni saa 12 jioni, muda ambao jirani anaanua dagaa. Mambo yakaenda vizuri mpaka Jumatatu moja ya Machi. Nikafungua kompyuta, nikakuta ujumbe: "Tumekusubiri, tumeshamaliza."

Kumbe Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi wa karibu na ikweta hatuna shughuli hiyo. Tofauti ilikuwa imeshuka ikawa saa 8.

Kosa lilikuwa kwenye simu: niliweka saa ya pili kwa namba, GMT-6, na namba haijui Machi wala Novemba. Nikaifuta, nikachagua jina la mji, Chicago. Tangu hapo inajirekebisha yenyewe.

Umeme ukikatika na simu ikizima, nina njia ya kichwani. Nachukua saa yetu ya Kiswahili, natoa 3 wakati wa baridi yao, natoa 2 wakati wa joto. Saa 12 jioni kutoa 3 ni 9, ndivyo saa yao ya ukutani inavyosomeka. Hesabu ya kujumlisha sita kwanza, halafu kutoa tisa, ilikuwa inanichanganya bure.