Alasiri ya Kukata Waya

Darasa letu la leseni ya kwanza ya redio ya ridhaa lilikwama kwenye sura ya antena. Sura ya umeme ilikwisha bila jasho jingi: volti ni ampea mara omu, wati ni volti mara ampea. Mwenye hayo mawili anaweza kukokotoa kuwa redio inayotoa wati 100, ikila ampea 20 kwa volti 13.8, inavuta wati 276, na zaidi ya nusu yake inaishia kuwa joto. Sheria za mawasiliano na vifupisho vya Q (alama za herufi tatu zinazoanza na Q) ni vya kukariri tu. Kwenye antena, namba ziligongana. Ili kupata urefu wa waya kwa mita, kitabu kimoja kilisema gawa 150 kwa masafa ya megahezi, kingine kikasema 143, na maswali ya mazoezi yaliweka majibu yote mawili humohumo ili mtahiniwa achague. Mwalimu wetu, mzee aliyekuwa na leseni kwa miaka mingi, akaamua somo la alasiri ile tulifanyie nje.

Alikuwa amepanga vitu vyake mezani: waya wa shaba wa nyuzinyuzi wa milimita mraba 1.5 uliovikwa plastiki, mita 22, vihami vitatu, kebo ya koaksia (waya wa ndani uliozungukwa na nyuzi za nje) aina ya RG-58 ya omu 50, mita 20, kamba za nailoni, mlingoti wa mita 8, na kipima antena cha mkononi.

Kabla ya mkasi, hesabu. Mawimbi ya redio hukimbia mita 299,792,458 kwa sekunde, na kwa kazi hii tunasema kilomita 300,000. Ndiyo maana urefu wa wimbi kwa mita ni 300 gawanya kwa megahezi. Kwa megahezi 7.1 tunapata mita 42.25, na nusu yake ni 21.13. Hiyo ni 150 ya kitabu cha kwanza, nusu wimbi likiwa angani peke yake. Waya una ncha, na kila ncha ina kapasitansi yake (uwezo wa kushika chaji) na vitu vinavyoizunguka, kwa hiyo waya hujiona mrefu kuliko unavyosoma kwenye tepu, kwa takriban asilimia 5. Toa hiyo asilimia 5 na 150 inashuka hadi karibu 143. Kwa 7.1 tukapata mita 20.14, yaani mita 10.07 kila upande. Swali likitaja nusu wimbi, tumia 150. Likitaja dipoli ya waya, yaani antena ya nusu wimbi yenye pande mbili zinazolishwa katikati, tumia 143. Mvutano wa vitabu viwili ulikwisha hapo.

Kwa nini 7.1? Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeigawa dunia katika kanda tatu. Afrika na Ulaya zimo katika Kanda ya 1, ambako bendi ya mita 40 inaanzia megahezi 7.0 na kuishia 7.2, na katikati yake ni 7.1. Amerika ni Kanda ya 2, na huko bendi hiyo inafika 7.3. Anayejisomea kwa kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kanda nyingine atajibu swali la mipaka kwa uhakika na atalikosa. Bendi ya mita 2 ina mtego uleule: 144 hadi 146 katika Kanda ya 1, na 144 hadi 148 katika zile mbili nyingine.

Tulikata kila upande mita 10.57. Sentimita 50 za ziada zilipita kwenye kihami cha ncha na kukunjwa zikirudi nyuma, zikibana kwenye waya wenyewe. Sehemu iliyokunjwa hivyo haihesabiki sana katika urefu wa umeme, lakini ipo ukiihitaji. Kupunguza waya ni kazi ya dakika moja. Kuunganisha kipande juu ya mlingoti ni shughuli nyingine kabisa.

Katikati, waya wa ndani wa koaksia ulichomewa risasi upande mmoja wa dipoli, na nyuzi zake za nje upande wa pili. Kebo ilipitishwa kwanza kwenye tundu mbili za kihami, ili uzito wa mita 20 usining'inie kwenye risasi. Kisha kiungo kikafungwa kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Hapa mzee hakuwa na utani. Maji yakiingia kwenye ncha ya koaksia hutambaa ndani ya zile nyuzi za nje hadi mbali, shaba inageuka nyeusi, na kebo inaanza kula nguvu bila dalili yoyote kwa nje.

Tulipandisha katikati hadi mita 8 na kuzishusha ncha hadi mita 3, mbali kabisa na nyaya za umeme. Mbali maana yake ni kwamba mlingoti ukianguka upande wowote, wala wenyewe wala waya wake haufiki huko. Mita 3 za ncha nazo zina sababu: kwenye dipoli mkondo ni mkubwa katikati na volti ni kubwa kwenye ncha, na redio ya wati 100 inatosha kuiunguza ngozi ya anayezigusa. Swali la wapi mkondo ni mkubwa na wapi volti ni kubwa halikosekani katika mitihani hii.

Kipimo cha kwanza hakikutulia. Aliyeshika kebo akisogea, namba ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, ambapo 1.0 ni hakuna inayorudi) inaruka. Akiiachia, inaruka tena. Mmoja wetu alikwishachukua mkasi.

"Weka chini," mzee akasema. "Hapo unapima antena au unapima mkono wa mwenzako?"

Dipoli ina pande mbili zinazolingana, koaksia haina. Mkondo unaofika juu kwa upande wa ndani wa zile nyuzi za nje unakuta njia mbili: kwenda kwenye waya wa dipoli, au kugeuka na kushuka kwa upande wa nje wa kebo. Ukishuka, kebo yote inakuwa sehemu ya antena, pamoja na mkono ulioishika. Redioni dalili zake ni kelele nyingi za vifaa vya nyumbani, maikrofoni inayouma mdomo, na SWR inayobadilika ukirefusha kebo. Dawa yake ni kuuwekea mkondo wa nje kizuizi. Tuliizungusha kebo yenyewe mara 6, kipenyo sentimita 24 hivi, kama mita 4.5 za kebo, tukafunga vizuri kwa kamba chini tu ya kihami cha katikati. Mizunguko ilipangwa ubavu kwa ubavu, si kurundikwa ovyo, maana mzunguko wa kwanza ukilalia wa mwisho, kapasitansi kati yao inaupa mkondo njia ya mkato. Baada ya hapo kebo ilishikwa, ikavutwa, ikakanyagwa, namba haikutikisika.

Ndipo tukasoma kwa haki: SWR ya chini kabisa ilikuwa kwenye megahezi 6.84. Tumekata kwa 7.1!

"Mwalimu, kwani 143 nayo si sahihi?"

"Ni sahihi kwa waya mtupu. Wenu umevaa koti."

Plastiki juu ya shaba hupunguza mwendo wa wimbi kwenye waya, mara nyingi kwa asilimia 2 hadi 5, na ncha zilizo karibu na ardhi huongeza kushusha masafa. Hakuna haja ya kubahatisha. Zidisha urefu uliopo kwa masafa uliyoyasoma, kisha gawa kwa masafa unayoyataka: 20.14 mara 6.84, gawanya kwa 7.1, ni mita 19.40. Punguza sentimita 74, yaani 37 kila upande. Karibu na 7.1, kila sentimita moja kwa kila upande inasogeza takriban kilohezi 7, na hiyo ni hesabu ya kichwani unapokuwa na kamba mkononi. Tulikunja 30 kwanza kila upande, tukapima, tukapata 7.05. Tukaongeza 7, tukatua palepale tulipopataka. Ziada ilikatwa baadaye kabisa, ikabakizwa ya kutosha kufunga kwenye kihami.

SWR hapo ilikuwa 1.3, na haikufika 2 popote kati ya 7.0 na 7.2. Wanafunzi wengi huihangaikia 1.0 bure. SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 ya nguvu, 2 inarudisha asilimia 11, na 3 inarudisha robo. Redio nyingi za kisasa huanza kujipunguzia nguvu ikipita 2, ili kuziokoa transista za mwisho. Tena, SWR nzuri huweza kuwa uongo. Mita 20 za RG-58 kwenye megahezi 7 hula pungufu ya desibeli 1, lakini kwenye 145 zinakula desibeli 3 na ushei, yaani zaidi ya nusu ya nguvu haifiki juu. Nguvu inayorudi nayo inaliwa njiani, basi mita iliyo karibu na redio inaonyesha namba ya kupendeza huku antena ni mbovu. Pima chini ya antena, si mezani.

Redio ilipounganishwa, kitufe cha kurusha kilikuwa cha mzee peke yake. Sisi hatukuwa na leseni, na kusikiliza hakuhitaji kitufe hicho. Alisikiliza kwanza, akauliza kama masafa yanatumika, akauliza tena, kisha akataja alama yake ya mwito. Kwenye sauti chini ya megahezi 10 kwa kawaida hutumika ukanda wa chini, yaani sauti hukaa chini ya masafa yanayosomeka kwenye kioo, na juu ya 10 ukanda wa juu. Sauti hiyo inachukua takriban kilohezi 3, na hapo ndipo mtahiniwa hunaswa. Ukisoma 7.002 kwenye kioo ukiwa ukanda wa chini, sauti yako inashuka hadi 6.999, na tayari uko nje ya bendi. Walioitikia walikuwa umbali wa kilomita mia chache tu. Mchana tabaka la D angani humeza sehemu kubwa ya mawimbi ya bendi hii. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na waya uleule unafika maelfu ya kilomita.

Kabla ya kushusha mlingoti, mzee akataka tupime 21. Vitabu husema dipoli ya 7 hufanya kazi pia mara tatu yake, na mara tatu ya 7.1 ni 21.3. Kipima kikaonyesha 21.8. Kwenye 21 waya unabeba nusu wimbi tatu, lakini ncha zake ni mbili vilevile. Ule ufupisho wa ncha unahesabiwa mara moja kwa nusu tatu, kwa hiyo masafa yanapanda kupita mara tatu kamili. Bendi ya mita 15 inaishia 21.45. Anayetaka waya mmoja wa bendi zote mbili aukate mrefu kidogo, utue karibu na 7.0, na huko juu asaidiwe na kifaa cha kulinganisha antena. Kwenye karatasi ya mtihani, jibu linabaki mara tatu.