Ile 7 niliyoiruka kwenye 641

Mwaka 1998 nipo kidato cha pili, tunakaa Tanga, Ngamiani barabara ya 12, na mjomba wangu alikuwa karani bandarini, kuhesabu mizigo. Jioni akirudi na baiskeli yake hata viatu hajavua ananiuliza hesabu. Siku hiyo akachukua daftari langu akaandika 4294967297. Akasema mjomba, hii ni 2 kwa kipeo cha 32 halafu jumlisha 1, Mfaransa mmoja Fermat miaka ya 1600 huko aliona za nyuma yake za mtindo huohuo, kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, yani 3, 5, 17, 257 na 65537, zote ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na zenyewe, akaamini na hii ni tasa, hebu nitazamie kama kweli.

Nikakimbilia kalkuleta ya mama ya dukani, inaonyesha tarakimu 8 na namba ina 10, haiingii. Bas ikabidi mkono. Nikaanza 3, 7, 11, 13, nagawanya ile namba kwa kila namba tasa, kwa njia ndefu, kurasa kwa kurasa, usiku niko barazani na kandili, bibi ananiambia mwanangu macho hayo. Wiki ya pili nimeshavuka 700 nikamwambia mjomba, Fermat alisema kweli.

Hakubisha. Akanipa kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria mwili unasisimka: kigawo chochote cha namba ile, ukikigawanya kwa 64 lazima kibaki 1. Yani kuanzia 2 mpaka 641 kuna namba tasa 116, ila zenye sifa hiyo ni 5 tu, 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Akasema rudia hizo tano.

Nne za kwanza sawa, majibu yaleyale. 641 kwenye daftari ilikuwa imebaki 16. Nikaanza upya: 4294, mara 6, inabaki 448, shusha 9 inakuwa 4489, mara 7, inabaki 2, shusha 6 haiingii weka 0, shusha 7... hapo nikasimama. Mara ya kwanza hiyo 7 niliiruka, nikashusha 2 moja kwa moja!! Mkono ukaanza kutetemeka. 267 haiingii, 0 nyingine, 2672 mara 4 inabaki 108, 1089 mara 1 inabaki 448, ileile ya mwanzo kabisa, shusha 7 ya mwisho inakuwa 4487, na 7 mara 641 nlikuwa nimeshaipiga pale juu, ni 4487. Haikubaki kitu.

Mjomba ndo akaniambia Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliipata hiyo 641 mwaka 1732, naye kwa mkono. Ila kwanza alikuwa ameninyang'anya penseli, karani haamini hesabu mpaka airudishe, akazidisha 641 kwa jibu langu, 6700417, polepole chini ya kandili, mimi nimemuinamia begani, mpaka tarakimu zote 10 zikarudi kama alivyoziandika.