Kivuli Kidogo Kabisa: Siku Yangu na Darubini ya Jua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika wiki ya kwanza ya Oktoba, nilikwisha panda juu ya paa la saruji la nyumba yetu, Mji wa Kale, Mombasa, nikiwa na darubini ya jua ambayo lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 40. Mimi ni fundi saa, na duka hufunguliwa saa tatu; lakini hata ningekuwa na asubuhi nzima, ningelitazama jua mapema, kwa sababu mabati ya majirani yakishapata moto hewa hutetemeka na ukingo wa jua huonekana kama uji unaotokota.

Jua halitafutwi kwa jicho. Nilikisogeza chombo hadi kivuli cha mrija wake kikawa kidogo kabisa, kisha nikajifunika kikoi kichwani na kuzungusha pete ya kichujio, ambacho huruhusu wekundu mmoja tu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3.

Saa moja na robo nikauona, ukingoni mwa mashariki, ulimi wa gesi uliopinda kama ndoana, mrefu kuliko kipenyo cha dunia yetu mara nne hivi kwa kukisia. Mtoto wa ndugu yangu alichungulia, akauliza, "Ami, mbona moto wenyewe hausogei?" Nikamwambia angoje. Nilichora kwa penseli (picha za simu sizipendi, hazinilazimishi kutazama), na baada ya dakika arubaini nikachora tena: ncha ya ndoana ilikuwa imekatika, ikielea peke yake.

Saa mbili na nusu nilihesabu madoa meusi yaliyo usoni mwa jua. Kwa kanuni ya mwanaastronomia Mswisi Rudolf Wolf ya mwaka 1848, kila kundi huhesabiwa kumi, kisha huongezwa idadi ya madoa yenyewe. Makundi matatu na madoa 11 yakanipa 41.

Saa sita na dakika kumi nilipanda tena, bila faida kubwa. Majira haya jua la Mombasa hupita utosini, mrija ukagonga miguu ya stendi, na kivuli cha kuniongoza hakikuonekana.

Jioni kulikuwa na mawingu. Nilizipanga karatasi, na kando ya doa lililokuwa likizama ukingo wa magharibi nikaandika tarehe ya wiki mbili mbele, ambapo mzunguko wa jua huenda ukalirudisha mashariki, likiwa bado lipo.