Honi Inasikika Hadi Wapi?

Saa 11 alfajiri naamka bila kengele. Takataka hazimngojei mtu: gari likishapita, nilichotaka kukiona kimekwisha. Navaa buti, natia mkobani glavu, daftari, turubai na mizani ya kuning'iniza. Nikimwambia mtu kuwa mimi ni mwanajiografia, huniuliza habari za milima na mito. Milima ipo, namjibu, ila ya kwangu ni ya mifuko ya plastiki. Nachunguza jinsi mji unavyotanuka, na taka zake zinavyopata njia ya kutoka au zinavyoikosa.

Saa 12 na robo tuko nyuma ya gari la taka, mimi na kijana anayenisaidia; simu yake inarekodi njia. Gari linashika lami, linapiga honi, watu wanatoka na ndoo. Kwenye kona ya juu linageuza. Katika ramani ya jiji eneo lote hili limepakwa kijani, maana yake linahudumiwa. Lakini kutoka kwenye kona hiyo hadi nyumba ya mwisho bondeni tumepima mita 430, mteremko mtupu, kichochoro ambacho hata mkokoteni hauingii. Kinachohudumiwa ni barabara.

Binti wa miaka kumi hivi anatokeza akihema, ndoo moja kichwani, nyingine mkononi. Gari limeshaondoka. Anaangalia huku na huku, ananiona nikiandika, anainamisha uso. Anashuka alikotoka, na nikichungulia namwona anamwaga ndoo ya kwanza mtaroni, polepole, kama asiyetaka kusikika. Hojaji yetu ina swali: "Je, kaya hutupa taka mtaroni?" Ndiyo au hapana. Ningejaza "ndiyo", na baadaye mtu angeandika kwamba wakazi wa bondeni wanahitaji elimu ya usafi. Wiki iliyopita niliongeza swali jingine: honi mnaisikia?

Saa 2 na nusu, dampo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umechelewa, vya maana vimeshaokotwa."

Mzee huyu ameanza kuokota hapa dampo likiwa bado shimo. Leo ananifundisha kutambua plastiki kwa sikio. Anakamua chupa ya maji, inapiga kelele. Anakamua ya maziwa, inabonyea kimya. "Inayolia ina gunia lake, bubu nayo ina lake. Ukizichanganya, mnunuzi anakukata bei." Aina hizo za plastiki nimezisoma miaka na miaka, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zina sauti.

Kisha ananivuta pembeni anionyeshe ufa uliojitokeza ubavuni mwa lundo baada ya mvua. Najikaza nisionekane nimeshtuka. Payatas nchini Ufilipino, Julai 2000. Koshe, Addis Ababa, Machi 2017. Kiteezi, Kampala, Agosti 2024. Kote huko lundo liliporomoka likafukia watu. Napima ufa, napiga picha, namtumia msimamizi wa dampo, halafu nampigia simu kabisa, maana picha inaweza kukaa bila kufunguliwa mpaka jioni. Vijana wanaochambua chini ya ubavu ule mzee anawahamisha mwenyewe, kwa kufoka.

Saa 4 ni zamu ya sampuli, kazi ambayo wanafunzi wangu huikimbia. Unamwaga taka za gari moja, unazichanganya kwa sepetu, unagawa lundo robo nne, unatupa robo mbili zinazotazamana, unachanganya tena zilizobaki, hadi ufikie kilo mia hivi. Hizo ndizo unachambua juu ya turubai, kipande kwa kipande. Kama ilivyo katika miji mingi ya nchi maskini, zaidi ya nusu ni vitu vya kuoza: maganda, mabaki ya chakula, majani. Ni vizito kwa sababu vimejaa maji. Vikifukiwa bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto dunia takriban mara 28 kuliko kiasi hichohicho cha kabonidayoksaidi. Vikipelekwa mbojini mapema, lundo lingekua kwa nusu tu ya kasi ya sasa. Mgongo unaniuma.

Saa 8 mchana, kikao na watu wa mipango. Nimeoga, lakini kiti cha jirani yangu kimesogezwa kidogo. Mhandisi anataka magari mapya ya kushindilia taka. Amepata tani zake kwa kuzidisha idadi ya watu mara kilo 0.74 kwa siku, wastani wa dunia uliotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2018. Namkumbusha kwamba ripoti hiyohiyo inasema nchi zinatofautiana kuanzia kilo 0.11 hadi 4.54. Na gari la kushindilia limebuniwa kwa taka kavu na nyepesi, makaratasi na maboksi. La kwetu litakamua maji tu na kuyamwaga barabarani.

Nawapa mfano wa Cairo. Huko Wazabbalini, jamii ya wakusanya taka, walikuwa wakichukua taka mlangoni kwa mtu na kurejesha sehemu kubwa yake viwandani. Mwaka 2003 jiji likaleta kampuni za kigeni, zikaweka mapipa na magari makubwa. Magari hayakupenya vichochoro, na watu waliozoea kuchukuliwa taka mlangoni hawakupenda kuzibeba hadi kwenye pipa. Mhandisi anatikisa kichwa kwa adabu. Kikao kinaisha kwa kupanga kikao.

Saa 10 na nusu namkuta dereva wa asubuhi akiosha gari. Namuuliza kwa nini hasubiri kidogo pale konani. Hachukii. "Dada, mimi nalipwa kwa safari. Nikisubiri ndoo mbili, nafika mizanini nakuta foleni, safari ya tatu imekufa." Naandika neno kwa neno. Miezi yote hii nilikuwa nikitafuta jibu kwenye ramani, kumbe liko kwenye mkataba wake.

Saa 1 usiku nachora. Juu ya picha ya setilaiti naweka njia ya gari, kisha nyumba zilizosema honi zinaisikia. Nilidhani zingezunguka barabara kama duara. Zinatoka kama vidole, kwa kufuata uwazi kati ya kuta. Nikipaka kijani zile tu zinazosikia honi na zinazoweza kufika konani kabla gari halijaondoka, bonde zima linabaki jeupe.

Saa 3 naosha buti. Namtumia kijana wangu ujumbe: kesho yeye afuatane na gari, saa mkononi. Mimi nitakuwa bondeni kwenye nyumba ya mwisho, nimekaa na ndoo, nasikiliza.