Nilivyofundisha osmosisi kwa viazi, damu ya ng'ombe na chumvi ya Uvinza

Nafundisha baiolojia katika sekondari ya kata hapa Ujiji. Osmosisi ni mada ambayo wanafunzi huikariri vizuri sana: maji hupita kwenye utando wa seli kutoka upande wenye chumvi au sukari kidogo kwenda upande wenye nyingi. Ila uliza kwa nini seli ya damu hupasuka kwenye maji matupu na seli ya kiazi haipasuki, darasa zima linatazama madawati. Safari hii nikaamua kuanzia hapo hapo.

Hadubini hazitutoshi, kwa hiyo nilitafuta vitu vya kuonekana kwa macho. Viazi mviringo nilinunua soko la Mwanga. Chumvi ya Uvinza, ile ya chenga kubwa, niliitwanga kwanza ili kijiko kipime sawasawa. Damu ya ng'ombe niliomba machinjioni, nikaikoroga kwa njiti ikiwa bado ya moto mpaka nyuzi zinazoigandisha zikanasa kwenye njiti. Wanafunzi wangu wengi ni Waislamu na damu kwao ni najisi, basi niliishika mwenyewe kwa glovu, wao wakatazama tu.

Vyombo vilikuwa vitatu. Cha kwanza maji matupu yaliyochemshwa yakapoa. Cha pili lita moja ya maji yenye kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu. Hiyo inakaribia gramu 9, kipimo kile kile cha dripu ya salaini hospitalini. Cha tatu chumvi ya kukunja uso.

Vijiti vya viazi vya sentimita 5 viliachwa humo vipindi viwili. Cha maji matupu kilikakamaa, ukikipinda kinakatika ko! Cha chumvi kali kililegea kama mlenda, kikafupika kidogo. Cha katikati hakikubadilika sana.

Zamu ya damu. Nilidondosha tone moja moja kwenye bilauri tatu na kuweka daftari lenye maandishi nyuma yake. Katika salaini maji yalibaki na ukungu mwekundu, maandishi hayasomeki. Katika maji matupu, muda mfupi tu yakawa mekundu maangavu na kila mtu akasoma maandishi. Seli zimepasuka, rangi imemwagika majini, hakuna tena kinachozuia mwanga. Bilauri ya chumvi kali ilibaki na ukungu pia, kwa hiyo kusinyaa kwa seli ilibidi nikuchore ubaoni. Kwa macho hakuonekani.

Sasa nikarudia swali langu. Binti mmoja akajibu, "Madam, kiazi kina ukuta." Ndiyo. Maji huingia kwenye seli zote mbili, lakini ukuta wa seli ya mmea husukuma nyuma mpaka maji yakose pa kwenda. Kukakamaa kule ndiko kunakosimamisha mchicha bustanini. Seli ya damu ina utando mwembamba peke yake. Maneno haipotoniki (chumvi kidogo kuliko ndani ya seli), isotoniki (sawa na ndani) na haipatoniki (nyingi kuliko ndani) niliyaandika baada ya hapo tu, kila moja chini ya chombo chake.

Swali lililonifurahisha zaidi lilitoka kwa kijana ambaye baba yake ni mvuvi wa Ziwa Tanganyika pale Kibirizi: samaki migebuka wanaishi kwenye maji baridi, yaani yenye chumvi kidogo sana, siku zote, mbona hawapasuki? Nilimpa kipindi kizima. Maji kweli huwaingia bila kukoma, hasa kwenye matamvua. Samaki wa maji baridi hukojoa mkojo mwingi mwepesi kuyatoa, na matamvua hayo hayo huvuta chumvi kutoka ziwani kufidia inayopotea. Na migebuka wa chumvi? Hilo wakalimaliza wenyewe: chumvi huvuta maji kwenye nyama na kwenye bakteria, ndiyo maana beseni hujaa maji ambayo hakuna aliyeyamimina.

Kwenye jaribio la mwezi niliweka swali lisilo kwenye notisi: mkulima wa Kasulu ameweka mbolea nyingi ya dukani, udongo una unyevu, mahindi yananyauka; eleza. Wengi waliandika kwamba maji ya udongo yamekuwa mazito kuliko ya kwenye mizizi, hivyo mizizi inapoteza maji. Wachache waliniandikia kwamba mbolea ina moto.