Mombasa Huliwa kwa Saa

Ukiingia Mji wa Kale saa 5 asubuhi ukaulizia mahamri na mbaazi, utaambiwa yamekwisha, na muuzaji hakuringii. Chakula cha mtaani Mombasa kina saa zake. Mgeni asiyezijua ataishia kula chipsi siku nzima.

Mahamri ni ya saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Pita vichochoro vya Kibokoni au Bondeni ukitafuta karai mlangoni na watoto waliotumwa na mabakuli. Hamri zuri limefura, ndani ni tupu, na iliki inanukia kabla hujalitia mdomoni. Lililolala kama chapati, ama unga haukuumuka, ama mafuta hayakuwa yamepata moto. Mbaazi zitazame mchuzi: tui liwe limeshikamana na punje. Ukiona vijipande vyeupe vikielea juu ya maji, tui limekatika kwa sababu lilichemshwa kwa moto mkali. Ukitaka kujaribu nyumbani, loweka nusu kilo usiku kucha, chemsha hadi ziive kabisa, kisha tia tui jepesi na kitunguu, pilipili mbichi na chumvi. Tui zito liwe la mwisho, moto mdogo, mkono usiache kukoroga.

Ukishashiba, nenda soko la Marikiti, pale Digo Road, jua halijawa kali. Viungo nunua vizima: iliki ya kijani isiyopasuka, mdalasini wa vijiti, bizari nzima. Vilivyosagwa huwezi kujua vimechanganywa na nini, na harufu yake haikai. Hatua chache kutoka hapo ni Biashara Street, mtaa wa leso. Leso huuzwa kwa doti, yaani mbili zikiwa kitambaa kimoja, hazijakatwa wala kupindwa, kwa hiyo tenga pesa ya fundi. Na soma jina, yaani msemo ulioandikwa kwenye leso, kabla ya kulipa, hasa kama ni zawadi ya mama mkwe. Baadhi ya majina ni vijembe vya wazi.

Mchana ni wa pilau na biriani. Ijumaa usihangaike hadi watu watoke msikitini, maana maduka mengi yatakuwa yamefungwa.

Viazi karai na bhajia hutoka baada ya alasiri. Viazi huchemshwa kwanza, vikachovywa kwenye uji mzito wa unga wa ngano wenye chumvi na manjano kidogo, ndipo vikaangwe. Simama ungoje vinavyotoka karaini. Vilivyokaa kwenye sinia ganda lake hulegea, na ukwaju ukishavimwagikia huwa kama vitambaa vibichi. Mwambie muuzaji ukwaju na chatini ya nazi aweke pembeni. Kama unabeba, sema "nifungie".

Jua likipungua, kando ya bahari pale Mama Ngina, karibu na kivuko cha Likoni, kuna madafu na muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati ukapakwa pilipili, chumvi na ndimu. Ukitaka dafu la kunywa na kula, omba lenye urambirambi, yaani nyama laini ya ndani, na ukishamaliza maji mrudishie muuzaji alipasue, akukatie na kijiko cha ganda lake. Usipotaja, utapewa lolote, pengine ambalo limeanza kuwa koroma.

Usiku ni wa mishikaki, kisha kahawa tungu inayomiminwa kutoka kwenye dele. Haitiwi sukari, utamu uko kwenye kashata au halua unayotafuna kando. Kikombe ni kidogo na watu hukaa nacho. Salimia barazani kabla ya kuagiza, na kamera isitoke mfukoni bila ruhusa.

Ramadhani saa zote hizi hupinduka. Mchana makarai ni baridi. Baada ya alasiri meza hutolewa nje, zikajaa kaimati, sambusa na mkate wa sinia, na vizuri huisha kabla ya adhana ya magharibi. Baada ya tarawehi mitaa huamka tena, karai likakaanga hadi karibu na daku.