Kama unatafuta ligi ya kuangalia asubuhi, jaribu ya Korea

Wengi wetu tukisikia mpira wa Korea Kusini tunamuwaza Son Heung-min, au wale jamaa wa 2002 waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, halafu stori inaishia hapo. Son mwenyewe hajawahi kucheza hata mechi moja ya ligi ya kwao, aliondoka bado dogo kwenda Hamburg, kwahiyo ukimfuata yeye K League huioni kabisa. Na mi naona ni ligi tamu sana kwa mtu wa huku, kwanza kwa sababu ya muda tu, Korea wako mbele yetu masaa sita, mechi ya saa nane mchana kwao huku ni saa mbili asubuhi unaangalia na chai, ile ya saa moja usiku kwao kwetu ni saa saba mchana. Halafu msimu wao unaanza mwezi wa pili hivi mpaka wa kumi na moja au kumi na mbili maana baridi ya kule si ya mchezo, so ule mwezi wa sita na wa saba ambao Ulaya wamefunga na watu mnabaki kubishana tetesi za usajili, wao ndo wako katikati ya mapambano.

Mfumo wenyewe haraka haraka: ligi kuu inaitwa K League 1, timu 12, kila timu inakutana na mwenzake mara tatu zinakuwa mechi 33, kisha wanaugawa msimamo katikati, sita za juu zinacheza zenyewe na sita za chini zenyewe, mechi tano tano. Kushuka daraja kulianza juzi juzi tu, 2012 na 2013, na chini kuna K League 2.

Sasa mtu akiniuliza aanzie wapi huwa namwambia usiangalie kwanza nani bingwa, uliza timu ni ya nani. Hapo ndo utaielewa Korea.

Ligi ilianza 1983 na timu tano tu, mbili za kulipwa kabisa na tatu nusu nusu, na bingwa wa kwanza alikuwa timu inaitwa Hallelujah, ndiyo, timu ya Wakristo wa kweli, sitanii. Zilizobaki zilikuwa za makampuni na benki, na huo utamaduni upo mpaka leo. Jeonbuk Hyundai Motors ni ya Hyundai ya magari, Ulsan HD ni ya Hyundai ya meli, Pohang Steelers ni ya POSCO wale wa chuma, FC Seoul iko chini ya GS (kampuni iliyotoka LG), Jeju ni ya SK, Suwon ni ya Samsung, Daejeon ni ya benki ya Hana. Upande wa pili kuna timu za miji na mikoa, hizi zinaishi kwa hela ya serikali za mitaa na wadhamini, kina Incheon United, Gwangju, Daegu, Gangwon, Anyang. Kisha kuna moja ya jeshi, na hii naomba tukae nayo kidogo.

Gimcheon Sangmu. Usifikirie Ulinzi Stars au JKT Tanzania, hii haisajili mtu. Kijana wa Korea lazima aende jeshini, kwa sasa ni kama mwaka mmoja na nusu, na mchezaji mzuri anaomba nafasi Sangmu ili aendelee kucheza huku akitumikia. Kwahiyo straika wa Jeonbuk anaondoka Jeonbuk, anavaa jezi ya jeshi, analipwa posho ya askari, akifunga anapiga saluti, akimaliza muda wake anarudi Jeonbuk hata kama ni katikati ya msimu na timu inapigania ubingwa. Kocha unajenga kikosi wewe, kalenda ya jeshi inakuja inakichukua chote. Cho Gue-sung alipita hapo hapo, 2022 akamaliza mfungaji bora wa ligi kwa magoli mengi ya jeshini na machache aliyoongezea Jeonbuk baada ya kuachiwa mwezi wa tisa, miezi miwili mbele akaenda Qatar akawatia Ghana mawili ya kichwa ndani ya dakika chache (Ghana wakashinda 3-2 lakini nakumbuka jinsi tulivyoshika vichwa). Na 2024 Gimcheon wametoka kupanda daraja tu wakamaliza nafasi ya tatu, ila mashindano ya klabu za Asia hawakwenda, timu ya jeshi haikidhi masharti ya leseni ya AFC, shirikisho la mpira la Asia.

Haya, ukishajua kwamba timu ni mali ya kampuni unaelewa na upande wake mbaya, maana mwenye mali anaweza kuhama nayo. Mwaka 1996 ligi iliziambia timu tatu zilizokuwa zimejazana Seoul zitoke, mpira usambae nchi nzima. LG wakaenda Anyang, Yukong (ambayo baadaye ikawa SK) wakaenda Bucheon, Ilhwa wakaenda Cheonan. Watu wa Anyang na Bucheon wakazipenda timu kwelikweli, wakatengeneza vikundi vya ushangiliaji, wakapata na mahasimu, Anyang na Suwon ilikuwa LG dhidi ya Samsung, fikiria wanavyogombana kwenye maduka ya tivii halafu wahamie uwanjani. Ikaja Kombe la Dunia 2002, viwanja vipya vikabaki vimekaa, na 2004 LG wakaikunja timu wakairudisha Seoul, ndo hii FC Seoul ya leo. Miaka miwili baadaye SK nao wakaibeba ya Bucheon mpaka kisiwani Jeju. Watu waliamka hawana timu.

Sasa hapa ndo mi nilinasa. Mashabiki wa Bucheon hawakuhamia timu nyingine, 2007 wakaanzisha ya kwao, Bucheon FC 1995, kuanzia madaraja ya chini kabisa. Anyang wakapambana na mji wao mpaka FC Anyang ikazaliwa 2013, rangi zambarau kwa sababu mji ule unajulikana kwa zabibu. Wakasota daraja la pili zaidi ya miaka kumi, 2024 wakabeba ubingwa wa K League 2 wakapanda, na Februari 2025 ratiba ikawapeleka Seoul kucheza na timu iliyochukuliwa kwao. Walifungwa 2-1, Jesse Lingard akiwemo kwenye waliofunga. Agosti wakarudi pale pale wakashinda 2-1. Na mwisho wa msimu huo huo Bucheon nao wakapanda kwa mechi za mchujo, mara yao ya kwanza kabisa ligi kuu, ambako Jeju wapo.

Ndiyo, Lingard yule yule wa Manchester United, alikaa FC Seoul misimu miwili kuanzia 2024, mechi yake ya kwanza nyumbani waliingia watu 51,670 na ikaisha bila bila.

Kwa makombe ya ligi, Jeonbuk ndo wakubwa, wana 10, matano ya mfululizo kuanzia 2017 mpaka 2021, 2024 wakaporomoka mpaka wakacheza mchujo wa kutoshuka, akaja kocha Gus Poyet 2025 wakabeba tena. Ulsan walichukua matatu mfululizo 2022 mpaka 2024. Suwon Samsung wana manne na mashabiki wengi kuliko timu nyingi za juu, na 2023 walishuka, mpaka sasa wanahangaika kurudi.

Timu yangu mimi ni Pohang. Uwanja wao uko jirani na kiwanda cha chuma, ulifunguliwa 1990 na ni wa kwanza Korea kujengwa kwa ajili ya mpira wa miguu peke yake, na wamechukua ubingwa wa Asia mara tatu. Ila kilichonifanya niwapende ni walichowafanyia majirani zao Ulsan. Siku ya mwisho 2013 Ulsan walihitaji sare tu, tena kwao, na Pohang hawakuwa na mchezaji hata mmoja wa kigeni msimu mzima, dakika za nyongeza beki Kim Won-il akasukuma mpira wavuni, 1-0, ubingwa ukahama. 2019 siku ya mwisho tena, kwao tena, Ulsan wanahitaji sare tena, Pohang ambao hawakuwa wanagombea chochote wakawapiga 4-1, goli moja lilitokana na kipa wa Ulsan kwenda kurusha mpira mwenyewe pembeni kwa haraka ukaishia mguuni kwa adui. Jeonbuk wakawa mabingwa, pointi 79 kwa 79, magoli 72 kwa 71. Sijui kama mtu wa Ulsan anaweza kulisikia jina Pohang bila tumbo kukata.

Kuhusu wageni, Wabrazili ndo wengi, ila Wakongo mnaye Paul-José Mpoku, mzaliwa wa Kinshasa, alicheza Incheon 2023 na 2024. Makipa wa kigeni walipigwa marufuku tangu 1999, na chanzo kikubwa ni Valeri Sarychev, kipa wa iliyokuwa Sovieti aliyefika Ilhwa 1992, timu ikabeba ubingwa mara tatu mfululizo, kila klabu ikataka kipa wa nje na wazawa wakakosa namba. Yeye alichukua uraia 2000 akaendelea kudaka kama Mkorea, na marufuku yenyewe imeondolewa kuanzia msimu wa 2026.